Kulinganisha Injini za Dizeli za Malori ya Jeshi

Aghalabu chapa za injini za dizeli hulinganishwa kwa kutaja nguvu-farasi peke yake. Kipimo hicho hakitoshi, na kwa nchi inayoagiza injini zake kutoka nje, kukitegemea ni kununua kibao cha maandishi badala ya mashine. Nguvu ya injini hutokana na mambo matatu: ujazo wa silinda, idadi ya michomo kwa sekunde, na kanieneo wastani, yaani kani inayosukuma kila mita ya mraba ya uso wa pistoni, ikikadiriwa kwa mzunguko mzima wa kazi. Watengenezaji wawili huweza kufikia nguvu ileile kwa njia mbalimbali, na tofauti hiyo hujidhihirisha lori linapopanda mlima na shehena, mbali na karakana.

Mfano mzuri umo ndani ya chapa moja. Malori ya tani 5 ya jeshi la Marekani ya jamii ya M939, ya miaka ya 1980, yalitumia kwanza injini ya Cummins NHC-250: silinda 6, lita 14, nguvu-farasi 240 katika mizunguko 2,100 kwa dakika. Toleo la M939A2 lilipewa Cummins 6CTA8.3, yenye lita 8.3 tu. Nayo hutoa nguvu-farasi 240, katika mizunguko ileile 2,100.

Na tupige hesabu. Nguvu-farasi 240 ni sawa na wati 179,000. Mizunguko 2,100 kwa dakika ni 35 kwa sekunde. Katika injini ya mapigo manne kila silinda huchoma mara moja kwa kila mizunguko miwili, yaani mara 17.5 kwa sekunde. Kwa injini ya kwanza:

179,000 ÷ (0.014 × 17.5) = paskali 730,000 hivi.

Kwa injini ya pili, ambayo ujazo wake ni mita za ujazo 0.0083, jibu ni paskali 1,230,000 hivi. Injini ndogo inasukumwa kwa kanieneo kubwa zaidi kwa takriban mara 1.7. Kinachowezesha jambo hilo ni tabo, yaani kipulizo kinachozungushwa na moshi wa ekzosi, ambacho huishindilia hewa. Kisha hewa hiyo hupozwa kabla ya kuingia katika silinda. Hewa iliyosongamana ina oksijeni nyingi, kwa hiyo dizeli nyingi zaidi yaweza kuchomwa. Faida ni uzito mdogo. Gharama yake ni kwamba tabo haivumilii oili chafu wala chujio la hewa lililopasuka. Penye vumbi jingi na mafundi wachache, injini kubwa isiyo na tabo si ushamba hata kidogo.

Mwanafunzi asiyeangalia mapigo atapotoka afikapo kwa Detroit Diesel 8V-92TA, iliyotumika katika malori makubwa ya Oshkosh HEMTT tangu miaka ya 1980. Ina lita 12.1 na nguvu-farasi 445 katika mizunguko 2,100. Akitumia michomo 17.5 kwa sekunde, ataipata kanieneo ya kutisha. Lakini hii ni injini ya mapigo mawili: kila silinda huchoma katika kila mzunguko, mara 35 kwa sekunde, na kanieneo yake ni paskali 780,000 hivi tu. Kwa kuwa haina pigo la pekee la kutoa moshi, ni lazima hewa ipulizwe kwa nguvu ili kuufagia. Sheria za Marekani kuhusu moshi ziliposhadidi, injini za namna hiyo ziliachwa katika malori mapya, na HEMTT ya toleo la A4 ikapewa Caterpillar C15 ya mapigo manne.

Warusi walikwenda njia nyingine. Lori la Ural-4320, lililoanza kuundwa mwaka 1977, lilitumia KamAZ-740 ya lita 10.85 isiyo na tabo, nguvu-farasi 210 katika mizunguko 2,600. Hapa pana mtego: nguvu-farasi ya Ulaya ni wati 735.5, ilhali ya Kiingereza na Kimarekani ni wati 746. Kanieneo yapata paskali 655,000, ndogo kuliko zote zilizotajwa. Nguvu imetafutwa kwa wepesi wa mzunguko.

Hesabu hiyo haisemi lolote kuhusu upozaji. Lori la MAN KAT1 la jeshi la Ujerumani Magharibi, lililoanza kutumika mwaka 1976, halikuwa na injini ya MAN, ingawa chimbuko la kampuni hiyo ni kiwanda cha Augsburg ambamo Rudolf Diesel alifanikisha injini yake mwaka 1897. Jeshi lilitaka injini inayopozwa kwa hewa, basi ikafungwa ya Deutz. Haina rejeta ya kutobolewa na risasi wala maji ya kuganda, ila ina kelele, na feni yake hula sehemu ya nguvu.

Zoezi: Lori la KrAZ-255B lilitumia YaMZ-238 ya mapigo manne, lita 14.86, nguvu-farasi 240 za Ulaya, mizunguko 2,100. Tafuta kanieneo wastani, kisha eleza kama injini hiyo ina tabo au haina.