Kapasita zilizovimba hula faida ya muuzaji

Mfanyabiashara anayenunua kompyuta au televisheni za mtumba kwa jumla huangalia kioo, boksi na bei. Wachache hufungua kifuniko. Hata hivyo, kinachoamua iwapo mzigo utauzika au utarudishwa na wateja mara nyingi ni vikopo vidogo vya alumini vilivyosimama kwenye bodi, ambavyo mafundi huviita kapasita.

Kazi ya kapasita za aina hii ni kutunza chaji na kutuliza umeme ndani ya chombo. Ndani ya kikopo mna karatasi mbili za alumini zilizoviringwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyoloweshwa kiowevu kiitwacho elektroliti. Kiowevu hicho hupenya taratibu kwenye kizibo cha mpira na kupotea. Kinapopungua, uwezo wa kutunza chaji hushuka na ukinzani wa ndani hupanda. Ukinzani huzaa joto, na joto hukausha kiowevu kilichobaki. Ndipo redio huanza kuvuma, au kompyuta hujizima na kujiwasha yenyewe.

Adui mkubwa, basi, ni joto. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopungua huongeza maisha ya kapasita maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, hukadiriwa kudumu saa 32,000. Kwa matumizi ya saa 8 kwa siku, hiyo ni karibu miaka 11. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85, katika joto hilo hilo la 65, itafikia saa 8,000 tu, yaani siku 1,000. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo mno, na hapo ndipo baadhi ya watengenezaji wa bei poa hubana matumizi. Feni iliyojaa vumbi hufupisha hesabu hiyo zaidi.

Si vyombo vya bei poa pekee vilivyokumbwa. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita nyingi, hasa za baadhi ya viwanda vya Taiwan, ziliharibika mapema. Elektroliti yake yenye maji mengi ilikosa kemikali za kuzuia maji yasishambulie alumini. Gesi ya haidrojeni ikajikusanya, vikopo vikavimba na kupasuka. Kampuni ya Dell ya Marekani ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kugharimia kompyuta za OptiPlex zenye kapasita mbovu. Nyaraka za kesi zilizofichuliwa mwaka 2010 zilionyesha kuwa kompyuta zisizopungua milioni 11.8, zilizouzwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005, zilikuwa hatarini.

Mzigo uliolala stoo nao una hatari yake, jambo ambalo wenye maghala husahau. Utando mwembamba wa oksidi juu ya alumini, ambao ndio kinga ya kapasita, hudhoofika usipopata umeme kwa miaka mingi. Chombo kikichomekwa ghafla kwenye volti 230, kapasita inaweza kupitisha mkondo kupita kiasi na kulipuka. Fundi makini hukipandishia volteji kidogo kidogo ili utando ujengeke upya.

Kabla ya kulipa, ni busara kufungua vyombo vichache katika kila shehena. Vilele vya kapasita nzima huwa bapa, na alama ya K au msalaba iliyochanjwa juu yake haijafunguka. Kilele kilichotuna, au ukoko wa kahawia chini ya kikopo, ni sababu tosha ya kushusha bei. Lakini kilele bapa hakithibitishi uzima, kwa kuwa kapasita iliyokauka polepole haivimbi. Hiyo hugunduliwa kwa mita ya kupima ukinzani wa ndani. Kapasita yenyewe ni rahisi. Gharama iko kwenye saa za fundi, na katika bodi yenye kapasita 20 saa hizo zinaweza kumeza faida yote ya kompyuta moja.