Pikipiki Hufungwa kwa Kamba, Haishikiliwi kwa Mikono

Ni jambo la kawaida katika kata zetu kuona pikipiki ikisafirishwa nyuma ya pikapu: mpya imetoka dukani mjini, au mbovu inapelekwa kwa fundi. Mara nyingi kando yake huketi kijana aliyepewa kazi moja tu, nayo ni kuishikilia isianguke. Somo hili linaeleza kwa nini kazi hiyo haimfai binadamu, na jinsi kamba nne zinavyoifanya kwa usalama.

Nguvu ya msukumo

Pikipiki nyingi za bodaboda huwa na uzito wa takribani kilo 110 hadi 130. Wataalamu wa ufungaji wa mizigo hukadiria kwamba gari likifunga breki ghafla, mzigo unaweza kusukumwa mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake. Katika kona, nguvu ya kuusukuma kando hufikia nusu ya uzito huo. Kwa pikipiki ya kilo 120, mshikaji hukabili msukumo unaolingana na kilo 96, huku yeye mwenyewe akirushwa upande uleule. Mikono haiwezi kuzuia hilo.

Kupakia

Zima injini, iache ipoe, kisha funga koki ya mafuta. Mtu yeyote asivute sigara karibu. Tumia ubao mpana na imara, nao ufungwe kwenye bodi la gari usiteleze. Pikipiki isiendeshwe juu ya ubao. Isukumwe na watu wawili au watatu, mmoja akiwa kando ameshika usukani na breki.

Isimamishwe wima katikati ya bodi, tairi la mbele likiegemea ukuta wa mbele, na gia ikiwa imeingizwa. Isilazwe, kwa kuwa petroli na maji ya betri huweza kumwagika. Ikiwa inapakiwa kwenye tela, uzito ukae mbele kidogo ya ekseli. Ukielemea nyuma, tela huyumba.

Kufunga

Chagua mikanda ya kukazia mizigo au kamba imara zisizochakaa. Vipande vya mpira wa tyubu visitumike kubeba kazi hii, maana hunyumbuka kila gari lipitapo kwenye shimo au tuta.

1. Kamba mbili za mbele zifungwe kwenye shingo ya usukani, moja kila upande, zikivuta chini, mbele na nje. Zisifungwe kwenye vishikio, vioo, taa wala nyaya.

2. Kunja stendi. Kaza pande zote mbili kwa zamu, hadi shokapu za mbele zibonyee kiasi cha nusu. Zisibonyezwe hadi mwisho, kwa sababu sili zake huweza kuharibika na kuvujisha oili.

3. Kamba mbili za nyuma zifungwe kwenye fremu, zikivuta chini, nyuma na nje. Keria iliyochomelewa kienyeji isitegemewe.

4. Penye ncha kali, weka kitambaa kizito chini ya kamba. Kamba isiguse ekzosi yenye joto.

Stendi haitegemewi safarini, kwani mtikisiko huweza kuikunja, nayo pikipiki ikaanguka. Pikipiki iliyofungwa vyema husimama kwa matairi yake na kamba zake. Itikise kwa nguvu: gari zima litikisike pamoja nayo. Wasaidizi waiachie baada ya kamba zote nne kukazwa, kisha washuke.

Kukagua

Simamisha gari baada ya kilomita chache za mwanzo, kwa kuwa mafundo hulegea na shokapu hutulia upya. Kaza palipolegea. Rudia ukaguzi kila unapopumzika, na hasa baada ya barabara mbovu.

Ndugu mwananchi, mwenye pikipiki huona vigumu kuiacha peke yake nyuma ya gari, kwani ndiyo riziki yake, na pengine bado anailipia mkopo. Hata hivyo, akae kwenye kiti ndani ya gari. Nafasi ikikosekana, apande basi. Nauli hiyo ni ndogo kuliko gharama ya mguu uliovunjika. Dereva naye asiondoke iwapo kuna mtu bodini anayeishikilia pikipiki. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda wanaombwa kuwasomea wenzao somo hili.