Jumanne: Jirani wa Ng'ambo ya Mkondo

Soma Luka 10:25–37 na Yohana 4:19–24. Katika fungu la kwanza Yesu anamtoa Msamaria kuwa mfano wa kutii sheria. Katika la pili anamwambia mwanamke Msamaria waziwazi kwamba watu wake hawakijui wanachokiabudu. Mambo haya mawili yanapatanaje?

______________________________________________

Ijumaa usiku, Septemba 9, 2011, Sabato ikiwa imekwisha kuingia, meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Kabla ya mapambazuko ilikuwa imezama katika mkondo wa Nungwi. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, baadhi yao wakiwa wameshikilia magodoro. Wengine wengi hawakurudi. Miongoni mwa vyombo vilivyotoka kuokoa vilikuwamo vya watu wa pwani ile ile. Majini hakuna anayemwuliza mwenzake anasali wapi.

Ndugu wa Pemba, ambako karibu kila jirani ni Mwislamu, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Ukimsomea mzee wa Wete Mathayo 7:12, hatashangaa. Atakukumbusha Hadithi aliyoijua tangu chuoni, kwamba imani ya mtu haijatimia mpaka ampendelee nduguye kile anachojipendelea nafsi yake. Paulo naye hangeshangaa (soma Rum. 2:14, 15). Aliyeiandika sheria mioyoni hakuandika katika mioyo ya washiriki wetu peke yao.

Basi, tumepeleka nini Pemba? Swali hili huwasumbua wengi, na wengine hulikimbia kwa kumtafutia jirani makosa. Hiyo si njia ya Yesu. Hakumpunguzia Msamaria wema wake ili kuutetea ukweli wa Yerusalemu. Wala hakuuficha ukweli ule kisimani ili apendeke.

Lakini kuijua sheria si kuitenda. Karafuu za Pemba zilichumwa na watumwa miaka mingi, hata Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuwaruhusu kudai uhuru wao. Wenye mashamba walijua kwamba Kurani inahesabu kumwacha mtumwa huru kuwa tendo jema. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, Wakristo wenye Mathayo 7:12 mkononi walikuwa wamefanya vivyo hivyo kwa karne kadhaa. Hapo hakuna wa kumnyoshea mwenzake kidole. Soma Warumi 7:18–25. Paulo haombi sheria iliyo bora zaidi; analia apate mtu wa kumwokoa.

Jirani aweza kukubaliana nasi kuhusu wema kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Tunachokuwa nacho cha kumwambia ni habari za huyo Mwokozi, tena tumwambie kama watu ambao nao walihitaji kuokolewa. Na asipoipokea habari hiyo, sahani ya futari tuliyompelekea isigeuke kuwa chambo kilichopotea bure.

Ni lini mara ya mwisho jirani wa imani nyingine alikutendea kama yule Msamaria? Je, ulimwambia mtu yeyote kanisani?

______________________________________________