Kutumia Intaneti katika Maarifa ya Jamii

Siku hizi mwanafunzi aketiye darasani hapa Kabuga aweza kufungua kompyuta akasoma habari za nchi nzima. Jambo hili ni jema, lakini yatupasa kujua namna ya kulitumia, hasa katika masomo ya historia, jiografia na uraia.

Tutazame kwanza sensa. Takwimu za taifa zilizomo katika intaneti zaonyesha kwamba mwaka 2012 Rwanda ilikuwa na watu 10,515,973, na mwaka 2022 watu 13,246,394. Kitabu kilichopigwa chapa kabla ya hapo hakiwezi kutupa hesabu hii ya pili. Toa ndogo katika kubwa, utapata nyongeza ya watu 2,730,421 kwa miaka 10. Basi hapo ndipo somo linapoanza: watu hawa watalima wapi? Mbona mashamba kandokando ya Kigali yanageuka viwanja vya nyumba?

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, somo la historia ya Rwanda lilisimamishwa mashuleni kwa miaka mingi, kwa kuwa mafundisho ya zamani yalikuwa yamewatenga watu. Sisi wanafunzi wa leo hatukuwa tumezaliwa wakati ule. Lakini kwa njia ya Hifadhi ya Nyaraka za Mauaji ya Kimbari, iliyofunguliwa katika intaneti mwaka 2010, twaweza kusikia waliookoka wakisimulia kwa vinywa vyao wenyewe.

Hata hivyo tujihadhari. Redio RTLM ilipoanza mwaka 1993, wengi waliifurahia kwa muziki wake. Mwaka uliofuata ilichochea watu kuua jirani zao. Intaneti nayo huchukua kweli na uongo pamoja. Kwa hiyo, kabla hujaandika neno katika daftari lako, uliza: Nani ameandika haya? Aliyaandika lini? Ameyajuaje? Kisha linganisha na kitabu, na uwaulize wazee wako.

Na kama shule ina kompyuta moja tu? Mwalimu na aandike hesabu zile ubaoni, darasa zima lijadiliane. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumeza kila tusomacho.