Baba Akiwa Kambini: Malezi na Masomo ya Watoto wa Askari

Wasomaji wetu wengi wana jamaa walio askari. Jambo hili si geni. Tangu King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, wanaume wa Kenya wameacha wake na watoto wakaenda mbali. Mwaka 1944 wengine walifika hata Burma. Oktoba 2011 askari wa Kenya waliingia Somalia, na siku hizi wanawake nao huvaa sare. Mshahara wa askari huja nyumbani kila mwezi. Lakini malezi hayatumwi pamoja na mshahara.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kuwa wajibu wa kumtunza mtoto ni wa mama na baba kwa usawa. Basi mzazi asiyekuwapo atautimizaje? Yafaa tuyafikiri mambo manne.

Kwanza, mamlaka. Kabla ya kuondoka, wazazi na wakae pamoja waamue ni nani atakayetia sahihi karatasi za shule, kulipa gharama na kuhudhuria mikutano. Kisha mwalimu aarifiwe. Mama ambaye kila siku husema, "Ngoja baba yako arudi," humfundisha mtoto mambo mawili mabaya: kwamba mama hana neno, na kwamba baba ni wa kuogopwa tu.

Pili, alama na hati. Zamani njia ya mtoto baada ya shule ya msingi iliamuliwa na mtihani mmoja, KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa, ili mtoto apangiwe shule ya sekondari ya juu, katika kila alama 100, alama 20 hutokana na tathmini ya Gredi ya 6, alama 20 hutokana na kazi za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na alama 60 hutokana na mtihani wa Gredi ya 9. Askari ahamishwaye kutoka Nanyuki kwenda Lanet pamoja na jamaa yake hana budi kulikumbuka hilo. Asiondoke bila barua ya uhamisho, ripoti za mtoto na nambari yake ya tathmini. Wala asisahau cheti cha kuzaliwa. Afikapo shule mpya, aulize kama alama za zamani zimeonekana huko. Na ikiwezekana, mtoto ahamishwe muhula ukiisha, si katikati yake.

Tatu, mazungumzo. Mzazi apigapo simu, asiulize tu, "Umekuwa wa ngapi?" Aseme, "Nisomee ukurasa mmoja," au, "Nieleze mlilofundishwa leo." Dakika kumi za namna hiyo zatosha kumwonyesha mtoto kwamba masomo yake yana thamani. Tena, mzazi asiahidi siku ya kurudi asiyokuwa na hakika nayo.

Nne, marejeo. Nyumba si uwanja wa gwaride. Mtoto aliyeachwa na miaka mitano akakutwa na saba si yule yule, na huenda akamwonea baba haya kama mgeni. Baba asianze kwa amri wala kwa fimbo. Hata shuleni viboko vilikatazwa mwaka 2001. Siku za kwanza na azitumie kusikiliza. Amwulize mama taratibu zilizopo, wala asizitangue mbele ya watoto. Kama kuna la kubadilisha, waliseme wawili faraghani.

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Hawakusema kwamba aliye mbali amesamehewa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika baraza:

1. Nyumbani kwako, ni nani ajuaye hati za shule za watoto zilipo?

2. Mzazi akiondoka kesho, mwalimu atamwita nani?

3. Jirani, babu au nyanya aweza kumsaidia vipi mama aliyeachwa peke yake?

4. Mara ya mwisho ulipozungumza na mtoto wako, ulimwuliza nini?