USALAMA NA AFYA: Karatasi ya Mzee na Shimo la Mazuku

Safari hii hatutaongea juu ya kofia ya kazi wala juu ya mavumbi ya kutoboa mawe. Tutaongea juu ya mzee aliyekwisha kuacha kazi, na juu ya siku moja tu aliyokwenda mjini Goma kwa ajili ya karatasi. Kijana mwenye miaka thelathini ya kazi mbele yake naye asome, kwani huyu pengine ni baba yake.

Ilikuwa Novemba 2018, majira ya mvua. Mzee wetu alifanya kazi miaka 27 chini ya ardhi, na anakaa upande wa Mugunga, magharibi ya mji. Yeye mwenyewe aliniruhusu kuwaeleza mambo haya, ila jina nimeliacha.

Safari yake ilikuwa nyepesi. Alitaka karatasi ya kuonyesha kwamba angali hai ipigwe muhuri, aipeleke ofisini ili malipo yake ya uzee yasikatwe. Halafu anunue kilo moja ya misumari, arudi nyumbani kula. Mke wake alimwekea chai na mkate. Akajibu: "Mama, nitakunywa nikirudi. Nikichelewa nitakuwa mtu wa mwisho kwenye mstari." Saa kumi na moja alfajiri akatoka na njaa yake.

Dawa yake ya presha pia hakuimeza, na hakusahau. Dawa ile ni ya aina inayomfanya mtu akojoe mara nyingi, naye aliogopa kupoteza nafasi yake kwenye mstari kwa kutafuta choo. Wazee wengi wanafanya hivyo na hawatuambii, maana wanaona haya. Wazee wetu, msituonee haya. Mwuguzi anaweza kuangalia pamoja nawe kama saa ya kumeza inaweza kubadilishwa siku ya safari. Lakini kuiacha kwa siri, halafu kesho yake kumeza viwili kwa mara moja ili kulipa deni, hiyo hapana. Presha haina daftari ya madeni.

Hajafika barabara kubwa, kamba ya sandali ikakatika juu ya mawe ya volkeno. Goma ninyi mnaijua, mawe yetu yanakata kama shoka. Alifunga sandali kwa kipande cha mpira na kuendelea, mguu mmoja ukivuta. Alipofika ofisini akaona kwamba miwani ameiacha juu ya meza, akaandika jina lake mahali pa tarehe. Wakamrudisha kutafuta karatasi nyingine. Aliporudi nayo, wakamwomba fotokopi ya karata ya uchaguzi. Alipoleta fotokopi, mwenye muhuri alikuwa amekwenda kula. Pesa ya sandwichi ikaishia kwa mwenye mashine ya fotokopi, na misumari ikasahauliwa kabisa.

Muhuri ulipatikana saa tisa, lakini mahali pa kupokelea karatasi palikuwa pamekwisha kufungwa. Ikabidi arudi nayo nyumbani, ailete kesho yake. Pesa iliyobaki ilitosha kupanda pikipiki nusu ya njia tu. Alipokuwa akishuka, mguu wa sandali mbovu uliteleza na ndama ya mguu ikagusa bomba la moshi. Motari, kwa moyo mzuri, akampaka dawa ya meno juu ya jeraha. Hapa nisimame kidogo. Mahali palipoungua panamwagiwa maji safi ya baridi, dakika ishirini nzima, kisha panafunikwa na kitambaa safi. Si dawa ya meno, si mafuta ya mawese, si unga. Na maji ya ziwa ambayo hayakutiwa dawa si maji ya kuoshea jeraha, kama vile si maji ya kunywa.

Mvua ikanyesha. Akajibanza chini ya bati la butiki moja zaidi ya saa nzima, akitetemeka, tumbo tupu, bila kunywa hata kikombe cha maji tangu asubuhi. Mvua ilipokatika jua lilikuwa linazama na upepo umetulia. Akaona kwamba akifuata barabara atachelewa sana. Akaingia katika njia ya mkato, katikati ya mawe, njia ambayo kwa siku nyingine hakuwa anaipita jioni.

Kando ya njia ile kuna shimo la ardhi, kina chake karibu urefu wa mtu. Mzee alipoinua mkono kushika jiwe, mfuko wa plastiki wenye karatasi ukamponyoka kwapani, ukateremka mpaka chini. Wakati uleule mtoto wa jirani, mwenye miaka kama tisa, alikuwa anapita na bidoni ya maji. Mtoto mwenye adabu, akasema: "Babu, ngoja, mimi nitashuka." Na mzee akasema ndiyo.

Mtoto alikuwa amekwisha kushuka na kuinama, ndipo mzee akaona. Mjusi mmoja chali juu ya jiwe. Ndege mdogo karibu yake. Na ndege mwingine. Akapiga kelele: "Panda! Acha karatasi! Usiiname, panda!" Kwa bahati mtoto huyu anatii wazee. Alipanda, akafika juu magoti yakitetemeka, akipumua mbiombio, kichwa kinamuuma. Alisema pua ilimchoma kama mtu anayekunywa limonade kwa haraka.

Wenzangu, hiyo ilikuwa mazuku. Wanaokaa kati ya Goma na Sake wanalijua neno hili tangu zamani, nao wataalamu wa volkeno duniani wamelichukua kutoka kinywani mwetu. Ni gesi kaboniki inayotoka chini, katika nchi ya volkeno zetu Nyiragongo na Nyamulagira, na kupita katika nyufa za mawe. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala katika mabonde madogo na mashimo kama maji katika bakuli. Mchana jua na upepo huipunguza. Usiku, alfajiri, na jioni ambayo upepo umelala, inajaa. Katika hewa ya kawaida gesi hii haifiki hata sehemu moja kwa mia. Ikipita sehemu kumi kwa mia, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache, na ikizidi sana, hata pumzi chache zinatosha kumwangusha.

Sasa pimeni urefu. Mahali ambapo gesi inamfikia mtu mzima kiunoni, mtoto inamfikia puani. Mtu mzima anaweza kupita hapo akisimama wima na kusema, "Hakuna kitu." Mtoto anapita nyuma yake na kuanguka. Mbuzi, kondoo na mbwa vilevile, na ndiyo sababu mnyama aliyekufa shimoni bila jeraha ni tangazo kubwa kuliko kibao chochote.

Mimi nilimwuliza mzee swali ambalo ninyi pia mnaliuliza. Wewe uliyekaa mashimoni miaka 27, uliyefundishwa kwamba taa ikififia karibu na sakafu watu wote watoke, uliyefundishwa kwamba mwenzako akianguka katika shimo lisilo na hewa hushuki kumfuata kwa mikono mitupu, uliwezaje kumtuma mtoto? Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mwanangu, sikuona shimo. Niliona karatasi."

Jibu hilo ninalijua kutoka kazini. Mtu hafikii hatari akiwa mzima, ameshiba, na akili yake mbele. Anaifikia saa ya mwisho ya zamu, baada ya sandali, miwani, fotokopi na mvua. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinachoandikwa katika kitabu cha ajali. Lakini kila kimoja kilichukua kipande cha akili yake, na njaa ikachukua kilichobaki. Binafsi namlaumu kwa chai kuliko kwa shimo.

Kama mtoto angeanguka, mzee angeshuka. Alisema mwenyewe. Tungewakuta wawili, kwani ndivyo gesi hii inavyoua familia: mmoja anaanguka, mwingine anamfuata kwa upendo. Mkimwona mtu chini ya mazuku, msishuke na msijidanganye kwamba mtabana pumzi, maana kumwinua mtu mzito kunataka pumzi. Piteni kelele mpate watu. Kama bado ana fahamu, mtupieni kamba aishike au ajifunge kwapani, mumvute kutoka juu. Akishatoka, mpelekeni mahali pa juu penye upepo. Asipopumua, aanze kupuliziwa pumzi mdomoni palepale, na mtu mwingine akimbie kutafuta msaada. Wala msifanye mchezo wa kujaribu shimo kwa mshumaa, kwani mkono unaoshika mshumaa una kichwa karibu.

Mama wa mtoto ndiye aliyeniletea wote wawili saa mbili usiku. Mtoto nilimkalisha mlangoni penye hewa mpaka kichwa kikaacha kumuuma. Mzee presha yake ilikuwa 190 kwa 110, midomo imekauka, dawa ya meno imeganda juu ya jeraha. Nilimnywesha maji polepole, nikamuosha mguu, nikamrudisha kwenye dawa yake.

Karatasi ilibaki shimoni, hakuna aliyeifuata.

Wiki iliyofuata mzee alikwenda tena kutafuta nyingine. Mke wake alimpeleka mpaka barabarani. Alikuwa amekunywa chai, mfukoni ana chupa ya maji, ndizi mbili, miwani, fotokopi mbili, na kidonge kimoja katika kipande cha karatasi cha kumeza akishatoka ofisini, kama tulivyopatana. Saa kumi alasiri, akirudi kwa barabara kubwa, alipita kwangu bila kuitwa, akanyoosha mkono nimpime. Ilikuwa 150 kwa 90. Kisha akanionyesha viatu, vya kufunga kwa kamba, na kilo moja ya misumari.