Utii wa Pande Mbili

Mtoto wa Jangwani akipita Kariakoo kwenda mjini huiona Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Arudipo humwuliza baba yake: "Askari huyu alikuwa shujaa au msaliti?" Wazazi wapenzi, swali hili halifai kupuuzwa, wala halijibiwi kwa neno moja.

Tuanzie mbali. Tarehe 28 Aprili 1888 Seyyid Khalifa, Sultani wa Zanzibar, aliikabidhi Kampuni ya Wajerumani utawala wa pwani. Mwezi wa Agosti Kampuni ikatweka bendera yake. Basi jumbe wa pwani afanyeje? Akimkataa mgeni, amemwasi Sultani. Akimkubali, amewaacha watu wake. Abushiri bin Salim alichagua kupigana. Mwaka 1889 Wissmann alimjia akiwa na Waafrika wengi: Wasudani walioandikwa Misri, na wengine waliotoka Msumbiji. Je, hao walisaliti taifa? Nchi moja iitwayo Tanganyika haikuwapo bado. Watu wa pwani kwao walikuwa wageni.

Watumishi wa Mungu nao hawakusalimika. Misioni ya Pugu, iliyofunguliwa mwaka 1888 na Wabenediktini Wajerumani, ilishambuliwa tarehe 13 Januari 1889. Watawa watatu wakauawa, wengine wakatekwa. Lakini misioni ya Bagamoyo, iliyokuwapo tangu 1868, haikuharibiwa, na wakimbizi wengi walipata hifadhi humo. Wale wa Pugu walikuwa wageni wa juzi, wa taifa moja na Kampuni. Wale wa Bagamoyo walikwisha kujulikana kwa matendo yao miaka ishirini.

Twajifunza nini? Kwanza, tusimhukumu babu kwa ramani ambayo hakuwa nayo. Pili, tusimsafishe bure: aliyechoma ghala la maskini alitenda dhambi, bendera yoyote aliyoifuata. Tatu, upo utii ulio juu ya bendera zote, ndio utii kwa mtu aliye katika shida.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, lakini wengi wa wazee wetu hawakuzishika mbili kwa tamaa, bali wao ndio walioshikwa. Basi baba amjibu mwanawe hivi: "Kabla ya kumpa jina, tuulize kwanza: alijua nini, alilazimishwa na nani, na mkononi mwake nani aliumia, nani aliokoka?"